Kabla Hujazikata Springi za Datsun

Mpwa wangu,

Picha zimefika, na hiyo Datsun 240Z yako nimeitazama kila upande. Mama yako ananiambia umeuza pikipiki na kiwanja ili uipate. Hilo ni lenu wewe na yeye. Mimi nitazungumzia nyuma ya gari tu, maana ndiko unakotaka kuanzia. Umeniandikia kwamba unataka lishuke vidole vinne, lifungwe springi ngumu za kuagiza, bushi za plastiki ngumu, stabilaiza nene ya nyuma, na difu ichomelewe ili gari liteleze vizuri kwenye kona. Halafu ukaniuliza: mjomba, nianze na ipi?

Usianze na hata moja. Lirudishe kwanza gari lilivyotoka kiwandani, uliendeshe hivyo, ndipo utajua unabadilisha nini. Sikukatazi kubadilisha. Nimebadilisha magari ya watu tangu ujana wangu, na ada za shule za binamu zako zilitoka humohumo. Ninachokikataa ni mtu kubadilisha kitu ambacho hajawahi kukiona kikiwa kizima. Gari lako lina umri wa zaidi ya miaka hamsini. Unavyoliona likiyumba leo, hayo si maumbile yake, ni uchakavu. Ukifunga springi ngumu juu ya uchakavu utapata uchakavu mgumu, na pesa zimekwenda.

Sasa nikueleze una nini mkononi. Gari hilo lilitoka Japani mwishoni mwa 1969. Kwao liliitwa Fairlady Z, na Wamarekani wakauziwa kama Datsun 240Z. Injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, na uzito wa tani moja na ushee. Zamani zile magari mengi ya bei yake yalikuwa na ekseli moja nzima nyuma, imelazwa juu ya springi za bapa, na gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo linatikisika. Wajapani wakaamua kila gurudumu la nyuma lijitegemee. Walifuata njia ya Mwingereza Colin Chapman, yule mwanzilishi wa Lotus: bomba refu lililosimama wima, ndani lina shokapu, nje limevaa springi, juu limeshikwa na bodi nyuma ya viti, na chini linashika gurudumu. Mafundi huliita strati. Chini yake kuna mkono mpana wenye miguu miwili, unaotoka katikati ya gari kwenda kwenye gurudumu. Basi, ni hivyo viwili tu, strati na mkono, vinavyoamua gurudumu lisimame vipi.

Uzuri wa mpango huo ni uchache wa vitu. Ubaya wake nao ni huohuo: hakuna kingine cha kusahihisha ukivuruga. Gari lako halikuwekewa pa kurekebishia pembe za nyuma. Ukienda kwa mtu wa alaimenti akakuta gurudumu la nyuma limekaa upande, hana bolti ya kuzungusha. Akikwambia amelirekebisha bila kufungua kitu, dai pesa yako urudishiwe. Gurudumu la nyuma la 240Z likiwa limepinda, chanzo ni kimojawapo kati ya hivi: bushi zimekufa, mkono umepigwa, au bodi yenyewe imekunjwa na ajali ya zamani ambayo muuzaji hakukutajia.

Na hapo ndipo kazi yako inapoanzia, mpwa wangu, chini ya gari na tochi, si kwenye simu kutazama springi za rangi.

Kagua kutu kabla ya yote. Mimi nakaa Tanga na ninaijua chumvi ya baharini inavyofanya; Dar es Salaam unakokaa haina nafuu. Angalia pale juu strati inapoishika bodi, toa zulia ugonge kwa kipini cha bisibisi na usikilize. Angalia mabano yanayoshika mikono ya chini, na reli za chesisi zinazopita chini ya miguu ya dereva na abiria. Ukikuta pamelainika, huo ndio mradi wako wa mwaka huu. Mzigo wote wa nyuma unaingia kwenye bodi kupitia sehemu hizo chache, na kadiri springi inavyokuwa ngumu ndivyo inavyozipiga kwa nguvu zaidi. Springi ya kiwandani inaweza kuisamehe bodi iliyooza kwa muda. Ile unayotaka wewe haitaisamehe.

Kisha bushi. Kila upande kuna pini moja ndefu inayopita mwishoni mwa mkono wa chini, ikachoma katikati ya chuma cha strati, ikatokea upande wa pili. Imefungwa na kipini kidogo chenye ncha ya kabari. Pini hiyo ndefu ndiyo iliyowatia mafundi wengi uchungu duniani kwenye magari haya. Miaka hamsini ya maji na vumbi huifanya ishikane na chuma mpaka iwe kitu kimoja. Vijana huichukulia nyundo. Nyundo huchanua ncha ya pini, uzi wa nati unaharibika, na sasa haitoki upande wowote. Toa kwanza kile kipini cha kabari, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu leo na kesho na keshokutwa, pasha moto chuma cha nje, kisha uivute kwa bolti na bomba badala ya kuigonga. Ikikataa kabisa, kata pande zote mbili kwa msumeno kati ya mkono na strati, upeleke kipande kilichobaki kwenye presi ya haidroliki. Ndiyo maana nakwambia agiza pini mpya mbili kabla hujafungua nati ya kwanza. Gari lililokaa juu ya stendi kwa miezi likisubiri pini huishia kuwa banda la kuku, na huko nyuma ya gereji yangu yamewahi kulala ya wateja kadhaa.

Ukiwa hapohapo chini, shika difu uitikise. Mbele imekalia raba, nyuma imening'inizwa kwenye chuma kirefu kilichopinda ambacho Wamarekani hukiita masharubu, nacho kina raba zake. Ukiachia klachi ukasikia mgongo wa gari ukigongwa, usikimbilie kulaumu gia. Raba ya mbele ya difu imechanika na pua ya difu inainuka kila unapokanyaga mafuta. Kagua krosi za shafti mbili zinazokwenda magurudumuni. Zungusha magurudumu usikilize beringi. Hivi vyote ukivitengeneza utalipa sehemu tu ya bei ya zile springi, na nina hakika nusu ya malalamiko yako juu ya gari hili yataishia hapo.

Funga sasa shokapu mpya za kawaida na springi zake za asili, weka matairi mapya ya upana wa wastani, kapime pembe, uliendeshe. Endesha mvua na jua, mjini na nje ya mji, ukiwa peke yako na ukiwa na mzigo. Andika. Wapi linakusumbua? Linalala sana kwenye kona? Linadunda mara mbili baada ya tuta? Mkia unakwenda wenyewe ukiachia mafuta katikati ya kona? Kila jawabu lina dawa yake, na dawa ya moja ni sumu ya jingine.

Nije kwenye hivyo vidole vinne.

Nakuelewa. Gari lililoinama linapendeza, nami nina macho. Lakini tazama mkono wa chini. Kiwandani waliuweka ukishuka kidogo kutoka katikati ya gari kwenda nje. Gurudumu likipanda, ncha ya nje ya mkono inapanda kuelekea usawa, na wakati huo inalisukuma gurudumu nje kwa chini, hivyo juu ya tairi panalala ndani kidogo. Hiyo ndiyo pembe unayoihitaji kwenye kona, maana bodi ikilala inalibeba gurudumu la nje na kutaka kulilaza kinyume. Ukilishusha gari sana, mkono unaupita usawa na kuanza kupanda nje. Kuanzia hapo kila gurudumu linapopanda, mkono unalivuta ndani kwa chini. Tairi la nje, lililobeba mzigo wote, linasimamia ukingo wake wa nje.

Na kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Bodi ya gari ikilala kwenye kona, inazunguka nukta fulani ambayo wahandisi huichora kwa mistari kutoka kwenye strati na mkono wa chini. Kwa mpango wa strati, nukta hiyo hushuka haraka kuliko gari lenyewe linavyoshuka. Umeshusha uzito wa gari vidole vinne, nukta imeshuka zaidi, pengine imeingia chini ya lami. Umbali kati ya uzito na nukta ndio wenzo unaolilaza gari. Kwa hiyo umelishusha gari ili lisilale, nalo sasa linataka kulala zaidi, na unalazimika kulifunga springi ngumu zaidi ili kulizuia. Watu wengi wanaosifia ugumu wa springi zao wanalipia kosa la kushusha bila kujua. Vidole viwili, mpwa wangu, ukipenda sana. Ukitaka zaidi ya hapo, kuna watengenezaji wa mikono ya chini inayorekebishika na vipande vya kurudisha pembe ya mkono mahali pake, na hiyo ni bei nyingine na kazi nyingine.

Usidhani magurudumu ya nyuma ni mchezo wa wapenzi wa magari tu. Marekani, Chevrolet walitoa Corvair ikiwa na injini nyuma na shafti zilizobembea kutoka kwenye difu, bila kiungo cha pili karibu na gurudumu. Kwenye kona kali gurudumu liliweza kujikunja chini ya gari na mkia ukainuka. Mwaka 1964 waliongeza springi ya kuvuka chini ili kuzuia hilo, na 1965 wakabadilisha mpango mzima wa nyuma. Mwaka huohuo mwanasheria Ralph Nader alitoa kitabu kilichoanza na gari hilo, na mjadala wake ukawasha moto wa sheria za usalama wa magari kule. Waingereza nao, Triumph, waliuza Spitfire yenye shafti za kubembea tangu 1962, wakaja kuifungia springi ya nyuma kwa njia nyingine kwenye toleo la nne ili kulituliza gurudumu. Hao walikuwa wahandisi wenye viwanda na viwanja vya majaribio. Wewe una jeki na jirani anayechomelea mageti.

Springi sasa. Usinunue kwa jina wala kwa rangi. Nunua kwa hesabu, nayo ni ya darasa la saba. Strati inasimama karibu na gurudumu, kwa hiyo springi husogea karibu sawa na gurudumu linavyosogea. Kila kona ya gari lako ina kilo kama 220 juu ya springi. Chukua ugumu wa springi, tafuta uzito huo unaikalisha sentimita ngapi. Kisha gawanya 5 kwa kipeuo cha pili cha sentimita hizo, upate gari linacheza mara ngapi kwa sekunde. Springi inayokaa sentimita 10 inakupa mara moja na nusu na ushee, mwendo wa gari la michezo linaloweza kukaliwa. Springi ya paundi 200 kwa inchi, ambayo Wamarekani wengi huifunga kwenye Z, inakaa sentimita 6 na kidogo, nayo inakupa mara mbili. Hapo kwa barabara zetu umeshafika mwisho wa uvumilivu. Zile ulizonitumia picha zimeandikwa kilo 8 kwa milimita. Piga hesabu: zinakaa chini ya sentimita 3, gari linatetemeka mara tatu kwa sekunde. Hiyo ni springi ya kiwanja cha mashindano chenye lami kama kioo.

Lakini hesabu hiyo ina maana nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Sentimita springi ilizokaa ndizo sentimita gurudumu linazoweza kushuka likiendelea kubeba kitu. Zikiwa 3, basi shimo la sentimita 4 linatosha kuliacha tairi hewani. Ukipita tuta la Segera au Chalinze kwa mwendo ambao kila mtu anapita, tairi za nyuma zinaondoka barabarani na kurudi zikiwa zimepinda kidogo, na katika sekunde hiyo huna breki ya nyuma wala mkia. Ugumu unahisiwa na makalio kama uthabiti, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Nikukumbushe jambo ambalo vijana wa Afrika Mashariki mnapaswa kulijua kuliko hao wa kwenye video. Gari lako lina heshima hapa kwetu. Datsun 240Z ilishinda Rali ya Safari mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa ndani, na ya pili ikawa 240Z pia, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nayo akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo walimaliza sawa kwa adhabu na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Tafuta picha za magari hayo. Yamesimama juu. Tope, mawe, mito, maelfu ya kilomita za Pasaka, na hakuna aliyeyalaza chini. Walihitaji gurudumu lenye safari ndefu, la kushuka shimoni na kutoka bila kuipiga bodi, na mpango wa nyuma ni uleule ulio nao wewe. Sisemi ulifanye gari la rali. Nasema ukitafuta mfano wa Z inayokwenda kasi kwenye barabara inayofanana na zetu, mfano upo, na haufanani na picha ulizonitumia.

Suala la kukata springi naona umelitaja kwa aibu, basi acha nilijibu. Koili za springi zikipungua, ugumu huongezeka: yenye mizunguko minane ukikata mmoja, imekuwa ngumu zaidi kwa asilimia kama 14. Si nyingi. Ubaya uko kwingine. Ukilinyanyua gari kwa jeki, springi iliyofupishwa inalegea ndani ya kikombe chake, inazunguka, na ukilishusha inaweza kukaa upande. Pia shokapu ni ile ndefu ya zamani, sasa inafanyia kazi karibu na mwisho wake wa chini, na kwenye tuta inagota kabla springi haijamaliza kazi. Shokapu inayogota ni nyundo. Kinachofuata kupasuka ni raba ya juu au bodi.

Kama utashusha, shusha kwa haki. Maana yake bomba la strati lifupishwe na shokapu fupi iwekwe ndani. Kazi hii nimeiona ikifanywa vizuri na nimeiona ikifanywa vibaya, na tofauti ni saa chache za subira. Toa shokapu na umwage mafuta yote, osha bomba, kwa sababu mafuta yakishika moto ndani yatakutokea usoni. Mkato uwe umenyooka, si mshazari. Ingiza ndani chuma cha duara kinachobana ili vipande viwili visimame mstari mmoja, gusa kwa moto sehemu nne zinazokabiliana, pima, ndipo uzungushe. Ukimaliza, shokapu mpya iingie na kutoka kwa mkono bila kusukumwa. Ikigoma, bomba limepinda, anza upya. Nati ya juu lazima iibane shokapu. Ikiwa fupi, weka kipande cha bomba chini yake. Mimina mafuta kidogo kuizunguka ili joto litoke. Na usimpe kazi hii fundi mageti, hata akiwa rafiki yako. Gurudumu lote linaning'inia kwenye mzunguko huo mmoja wa moto. Hapo Dar, mtaa wa Gerezani, wapo wachomeleaji wanaotengeneza shafti za malori, tafuta mmoja wao, mlipe anachotaka.

Ukipata springi nyembamba za kisasa zenye uzi wa kupandishia, faida yake kubwa ni nafasi. Kikombe cha springi ya kiwandani kinakaribia sana tairi, ndiyo maana matairi mapana husugua ndani. Springi nyembamba inakupa pumzi hapo. Lakini uzi wa kupandishia umewapa wengi kishawishi cha kushusha hadi mwisho kwa sababu unashuka.

Kabla ya kufunga springi, fanya jambo hili ambalo karibu hakuna anayelifanya. Funga kila kitu bila springi. Weka jeki chini ya gurudumu ulipandishe kutoka chini kabisa mpaka raba ya kugotea iguse, polepole, huku unazungusha gurudumu kwa mkono. Tazama shafti. Za kiwandani zina krosi kila upande na sehemu inayojifupisha katikati. Kama inafika mwisho kabla gurudumu halijafika juu, itaisukuma difu na kuua beringi. Tazama tairi na chuma, tairi na bodi, bomba la breki linavutika wapi. Gari likisogea kwa milimita juu ya jeki litakwambia siri zote ambazo lingekwambia kwa kishindo barabara ya Bagamoyo. Wanaofunga difu kubwa ya matoleo ya baadaye ndio wanaokumbwa zaidi na tatizo la shafti kugota, na wengine huishia kuweka shafti za 280ZX yenye tabo. Kwa injini uliyo nayo huhitaji hayo.

Bushi za plastiki ngumu: nyuma, kwenye mikono ya chini, sina ugomvi nazo sana. Raba huruhusu mkono uzunguke kwa kujinyonga. Plastiki lazima iteleze, kwa hiyo itataka grisi, na ikikauka italia kama mlango wa msikiti wa kijijini. Kwenye raba za difu usiweke, labda kama huna haja ya kusikia redio. Na kwa kuwa najua ukishamaliza nyuma utahamia mbele: zile fimbo mbili zinazoshika mikono ya chini ya mbele, usiziwekee plastiki pande zote mbili. Fimbo inahitaji kujipinda kidogo gurudumu linapopanda, ikinyimwa inakatika shingoni. Imekatika kwa wengi, tena wakati wa kufunga breki.

Stabilaiza ya nyuma peke yake, hapana. Kadiri unavyoikaza nyuma dhidi ya kulala, ndivyo unavyolihamishia tairi la nje la nyuma mzigo zaidi, na tairi la ndani linanyimwa. Tairi lililonyimwa linazunguka bure kwenye difu ya kawaida, na lile lililolemewa linaachia kwanza. Kwenye lami kavu utaliita gari lako jepesi. Kwenye mvua ya kwanza ya vuli, mafuta ya malori yakiwa yamepanda juu ya lami, mkia utakutangulia. Ukifunga ya nyuma, kaza ya mbele pia, na ya nyuma iwe nyembamba.

Difu kuchomelewa sijibu. Wanaofanya hivyo wana gari jingine la kwendea kazini na trela la kulibebea hilo.

Na jambo la mwisho la pembe, kwa sababu utashawishika kununua mikono inayorekebishika. Pua za magurudumu ya nyuma zitazame ndani kidogo sana, kamwe zisitazame nje. Alikuja kwangu kijana na gari lililofungwa mikono ya namna hiyo mahali pengine, analalamika usukani ni mwepesi na gari linatangatanga kila upepo wa lori ukilipiga. Tulinyoosha uzi kutoka matairi ya mbele hadi ya nyuma, tukapima kwa rula: la nyuma kushoto pua yake ilikuwa imetoka nje wazi kabisa. Usukani haukuwa na kosa. Nyuma ndiko kulikokuwa kunaliongoza gari. Uzi, rula na sakafu iliyo sawa unavyo nyumbani, na baada ya kila ulichokigusa nyuma vitumie kabla ya kutoka getini. Badilisha kitu kimoja, pima, endesha, andika, ndipo cha pili. Ukibadilisha vinne kwa siku moja na gari likaharibika, huna pa kuanzia kutafuta.

Ukifunga bushi za raba, usizikaze nati zake gari likiwa limening'inia. Zishike kwa mkono tu, lishushe likae kwa uzito wake juu ya magurudumu, lisukume mbele na nyuma lijitulize, ndipo uingie chini ukaze. Ukizikaza likiwa juu, raba itakaa imejinyonga muda wote na itachanika kabla ya mwaka. Baada ya wiki ya kwanza ya kuendesha rudi ukague kila nati. Pini zile mbili na raba za difu nitakutafutia mimi, yupo mtu Mombasa ninayemfahamu mwenye stoo ya vitu vya Datsun. Nitumie namba ya chesisi na mwezi gari lilipoundwa, imo kwenye kibao, maana difu ilisogezwa nyuma kidogo kwenye magari ya baadaye na sitaki tuagize kisichoingia.